Jani la Tuta la Chini

Viwavi walianzia tuta la chini, lile lililo karibu na mtaro, na kufikia Jumamosi asubuhi sukuma wiki ya pale ilikuwa imebaki mishipa mitupu kwa nusu nzima ya tuta. Rosalba alisimama mbele yake, mikono kiunoni. Nyuma yake alisimama Shifa, mke wa mwanawe, ameshika kopo la kuokotea viwavi, akingoja alaumiwe.

"Ni hii mvua," Rosalba alisema mwishowe. "Asubuhi tunaweka maji ya pilipili, jioni mvua nakuja, naosha yote. Hii dudu nakula kama askari ametoka patroli."

"Tuweke tena, Mama?"

"Tutaweka. Tutafanya nini."

Hakumlaumu. Lakini Shifa alikuwa na masikio ya mtu aliyeolewa ugenini, masikio yanayosikia hata lisilosemwa, na alilolisikia asubuhi ile ni kwamba kabla yeye hajaja, tuta la chini halikuwahi kuliwa hivyo.

Tuseme kweli, alikuwa na sababu ya kuhofu. Nyumba ile ya Kasubi ilikula, ilivaa na kulipia umeme kwa mboga zisizopigwa dawa ya dukani wala kutiwa mbolea ya dukani, na Shifa alikuwa binti wa Farouk, mwenye duka la mbolea na dawa za mimea pale Nateete. Alikulia katikati ya chupa zenye picha ya fuvu. Siku Ojera, mtoto wa Rosalba, alipomwoa, watu wa kikundi cha Rosalba walikula pilau ya harusi vizuri sana, wakafuta mikono, kisha wakaanza kuulizana.

Kikundi chenyewe kilikuwa cha majirani wenye vipande vya ardhi nyuma ya nyumba zao, wanaolima kwa samadi, majivu, maganda ya matoke na subira. Kila Jumamosi waliuza pamoja, chini ya jina moja, kwa watu wenye magari, wale ambao wakiona jani lisilo na tundu hata moja wanatia shaka, na wakiona lenye matundu mengi wanalirudisha. Hawakuwa na mkaguzi kutoka ofisi yoyote. Walikaguana wenyewe. Walikuja bila kutangaza, asubuhi yoyote ile, wakapita matuta yote, wakanusa, wakafukua, na mwisho mwenyekiti akanyoosha kidole kwenye tuta alilolipenda. Hapo mwenye bustani alichuma jani kutoka tuta hilo akalitafuna bichi, halijaoshwa, mbele ya wote. Hilo waliliita kula jani. Mwenye neno, yaani aliyetumia kitu cha dukani, alipaswa kulisema kabla jani halijaingia mdomoni, naye alisimamishwa msimu mmoja tu. Aliyenyamaza kisha akagunduliwa alitoka na hakurudi tena.

Rosalba akitoka alijua pa kwenda, na ndiyo maana hakutaka kutoka. Mumewe, askari polisi, alipofariki, aliuza nyanya Bwaise kando ya barabara, juu ya gunia. Mtaro ulipofurika aliliweka gunia kichwani akasimama ndani ya maji akingoja yapungue, kwa sababu akiondoka, mwingine angekaa mahali pake. Siku zile hakuzizungumzia. Lakini mvua kubwa ikianza aliacha alichokuwa akikifanya, akaenda kusimama mlangoni, na mtu akimwita wakati huo hakuitika.

Jumamosi ile sokoni, Huguette, mwanachama mwenzao, Mkongo mwenye kibanda cha chakula na mdomo usio na likizo, alimwona Shifa akishusha kikapu.

"Mama Ojera," alisema kwa sauti ya kila mtu kusikia, "tangu uliingiza binti ya duka ya dawa, sisi tunasali tu. Iko namna ingine?"

Watu wakacheka. Rosalba naye akacheka, kidogo, kama mtu anayetoa chenji. Huguette hakumuumiza Shifa sana. Mdomo wake ulijulikana. Kilichomuumiza ni kile kicheko kidogo cha mama mkwe wake.

Na jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu ni kwamba alikuwa ameipenda kazi ile. Wiki za mwanzo aliichukia. Palikuwa na jerikeni la mkojo wa sungura uliochachushwa pamoja na majivu na pilipili, unaopuliziwa wadudu, na kwa Shifa aliyelelewa kwa udhu na usafi, mkojo ni mkojo hata ukiitwa dawa. Alijisugua mikono hadi viwiko vikawa vyekundu. Shangazi yake alikuja kumtembelea, akanywa chai yote akiwa ameziba pua kwa ncha ya mtandio. Siku hizi Shifa alikuwa na gauni la bustani linaloning'inia kwenye msumari wake, na wakati wa sala alilivua, akaoga, akamaliza. Alijua rundo la mboji likiwa tayari kugeuzwa linachoma kiganja. Alijua ukilaza jani la mgomba juu ya udongo jioni, asubuhi chini yake utakuta minyoo inashughulika. Alipenda namna Rosalba alivyoisemesha miche kwa Kiacholi, kwa ukali wa mama anayepeleka watoto shule. Dukani kwa baba yake kila tatizo lilikuwa na chupa yake. Hapa tatizo lilikutaka uamke mapema tu, uiname, uokote, na kesho uiname tena. Shifa hakuwahi kufikiri kwamba angependa kuinama.

* * *

Jumapili Rosalba alikwenda misa, na kutoka misa alikuwa na msiba wa jirani. Ojera, mlinzi wa benki mjini, alikuwa kazini. Nyumba ile ilikuwa ya dini mbili bila ugomvi: Rosalba Mkatoliki, marehemu mumewe Mwislamu, mtoto akamfuata baba, na lugha ya kuwaunganisha wote ikawa Kiswahili, cha kambi ya polisi kwa Rosalba na cha dukani kwa Shifa. Siku hiyo Shifa alibaki peke yake na viwavi. Aliokota hadi mgongo ukamkatalia. Alipofika mwisho wa tuta na kutazama nyuma, alipotoka palikuwa na wengine.

Akaoga, akavaa baibui lake, akaenda Nateete.

Farouk alikuwa nyuma ya kaunta, kofia nyeupe kichwani, anafuta vumbi chupa moja moja.

"Asalaam aleikum, Baba."

"Waleikum salaam, mwanangu. Mumeo hajambo?"

"Hajambo. Baba, nataka dawa ya viwavi."

Farouk akaweka chini chupa aliyokuwa akiifuta. "Ya nani?"

"Ya sukuma."

"Nimekuuliza ya nani, sikukuuliza ya nini."

"Ya nyumbani."

"Nyumbani Kasubi? Kwa wale wanaoniita muuza sumu?" Hakupaza sauti, Farouk hakuwa mtu wa kupaza sauti mbele ya wateja. "Siku ya harusi yako yule mwenyekiti wao aliniuliza kama pilau nimeipulizia. Mbele ya wazee wangu. Nikacheka, ningefanyaje? Na leo wamekutuma kwangu. Mama mkwe wako anajua?"

Shifa alijua akisema hapana atarudi mikono mitupu.

"Anajua," alisema.

Uongo ulitoka kwa urahisi uliomshtua mwenyewe. Lakini kilichomtia uchungu zaidi ni kwamba baba yake alifurahi. Uso ule wa mfanyabiashara ulilainika, akageuka kwenye rafu, akachagua, akabadilisha, akachagua tena. Akaifunga chupa kwa gazeti na kukataa kupokea pesa.

"Mpe Mama Rosalba salamu zangu. Mwambie mimi sina kinyongo." Kisha akamshika mkono kabla hajauondoa kwenye kaunta. "Nisikilize vizuri. Mboga mtakayoipiga msiile wiki mbili. Kuosha hakusaidii, kuchemsha hakusaidii. Hii si maji ya pilipili. Ikimkuta mtu mzima, tena mwenye umri kama wa mama mkwe wako, mtampeleka hospitali mbio."

"Nimesikia, Baba."

Njiani kurudi alipiga hesabu yake, nayo ilikuwa rahisi mno. Angepiga tuta la chini peke yake. Viwavi wangekufa kabla hawajapanda juu. Tuta lenyewe lilikuwa limeliwa vibaya, hakuna ambaye angechuma hapo kwa wiki mbili. Na kikundi hakingekuja kukagua wakati huu wa mvua, njia zote za Kasubi zikiwa utelezi mtupu. Baada ya hapo bustani ingekuwa nzima, Rosalba angebaki na jina lake, na hakuna mtu angesema mke wa mwanawe aliingia na mkosi.

Hakutaka kulichafua bomba la Rosalba, lile la kupulizia maji ya pilipili. Akachukua ndoo iliyopasuka mdomo, akachanganya dawa humo, akafunga fungu la nyasi na kuyanyunyizia majani kwa hilo, polepole, akihakikisha hata tone halirukii tuta la pili. Harufu ikapanda. Ilikuwa harufu ya duka la baba yake, ya utoto wake wote, na kwa mara ya kwanza maishani alitamani kuikimbia. Alipomaliza, chupa, ndoo na nyasi alivitumbukiza katika shimo la choo. Kisha akaoga kama alivyokuwa akioga zamani, hadi viwiko vikawa vyekundu.

* * *

Jumatatu asubuhi Rosalba alishuka bustanini kabla ya chai na kukaa huko muda mrefu. Shifa alikuwa jikoni akikoroga uji, anatazama mlangoni kila mara. Mama mkwe aliporudi, gauni limelowa umande hadi magotini, alikaa kwenye kigoda na kuvua mabuti.

"Dudu wamekufa," alisema.

"Wamekufa, Mama?"

"Wote. Pilipili imefanya kazi."

"Alhamdulillahi," Shifa alisema, na kijiko kikagonga sufuria.

Mchana Rosalba alimtuma akachume mboga ya kupikia na ya kuuzia kibanda cha Huguette. Shifa akapanda hadi tuta la juu kabisa, karibu na nyumba ya sungura. Aliporudi Rosalba aliangalia ungo.

"Kwa nini hukuchuma kule chini? Sasa kumesafishika."

"Ya juu imekomaa, Mama."

Rosalba alishika jani moja, akaligeuza, akalirudisha. "Kale, sawa," alisema. "Pika."

Chakula kile Shifa alikila kama mtu anayekula kwa amri. Ojera aliporudi kutoka kazini alasiri ile, Shifa alimvutia chumbani na kumwambia yote. Alitaka Ojera amwambie nini? Pengine alitaka amwambie twende kwa Mama sasa hivi, mimi nitasimama nawe. Ojera alikaa kitandani na kiatu kimoja mkononi.

"Umepiga tuta moja tu?"

"Moja."

"Basi nyamaza. Wiki mbili itapita tu. Ukimwambia Mama, atakwambia ufunge nguo zako, na mimi nitabaki katikati. Unamjua Mama yangu?"

"Na wakija kukagua?"

"Na hii tope? Mwenyekiti wao, Dawudi, ana miguu mbaya. Hawezi kuja."

Shifa akanyamaza, kwa sababu alitaka kuamini. Ojera akavua kiatu cha pili apumzike kabla ya zamu ya usiku, na kwa kweli alilala mara moja, jambo ambalo mkewe alichukua muda kumsamehe.

* * *

Walikuja Jumanne asubuhi, mvua ikiwa imepumzika. Dawudi mwenyekiti alitangulia, amevaa koti na mabuti, anaegemea fimbo kwa ajili ya ile miguu mibaya. Nyuma yake Huguette, na nyuma ya Huguette wanachama wengine wakitembea kwa tahadhari kwenye utelezi. Ojera alikuwa ndiyo kwanza ameingia kutoka zamu ya usiku, bado na sare.

"Mama Ojera, habali ya asubuhi, nyabo," Dawudi alisema kwa lafudhi yake ya Kiganda, r na l zikibadilishana, na nyabo ikiwa heshima kwa mama. "Tumekuja. Usituone vibaya, ni kazi tu."

"Karibuni. Bustani iko hapa, haikukimbia."

Wakaanza juu. Waliingiza mikono katika rundo la mboji, wakaitoa haraka kwa moto wake, wakachekana. Walifungua jerikeni la mkojo wa sungura, wakanusa, wakalifunga haraka zaidi. Waliangalia miche, mikungu ya ndizi, nyanya zilizofungwa kwenye miti. Rosalba aliwaongoza akijibu kila swali, naye Shifa alifuata nyuma kabisa. Kila tuta waliloacha nyuma liliwasogeza karibu na mtaro.

"Hapa dudu wameenda wapi?" Huguette aliuliza walipofika tuta la chini. "Jumamosi nilipita kwa njia, niliona walikuwa wengi sana."

"Pilipili," Rosalba alisema.

"Pilipili ya wapi hiyo? Nipatie mbegu."

Safari hii waliocheka walikuwa wachache. Dawudi alizunguka tuta upande mmoja, akarudi upande wa pili. Kisha akainyoosha fimbo yake pale pale alipokuwa amesimama.

"Kare," alisema. "Tuta ni hiri. Mwenye neno aseme kabla jani halijaingia mdomoni."

Shifa alimtazama mumewe. Ojera alikuwa akiangalia mabuti yake kana kwamba ndiyo kwanza ameyaona. Shifa alifungua mdomo, akaufunga tena. Akaona gunia la Bwaise. Akaona mzigo wake mwenyewe ukiwa mlangoni, na uso wa baba yake akisikia jinsi alivyodanganywa.

Rosalba aliinama. Hakuchagua jani la pembeni lililoliwa. Alichuma kubwa la katikati, lile zima. Alifanya ishara ya msalaba, kama alivyofanya kabla ya kila chakula, akalikunja jani mara mbili na kulipeleka mdomoni.

Shifa hakukumbuka baadaye jinsi alivyovuka watu wale. Alimpiga mama mkwe wake mkononi, kwa nguvu, na jani likaanguka topeni.

Mke wa mtoto amempiga mama mkwe mbele ya watu. Waliokuwa pale hawakuwahi kuona kitu hicho, na mzee mmoja aligeuza uso asiendelee kukiona. Rosalba alisimama ameushika mkono wake. Aliyezungumza kwanza alikuwa Ojera.

"Msimjali," alisema haraka, akicheka kicheko cha mtu anayetafuta mlango. "Ni mjamzito. Mnajua mambo ya wajawazito. Jana mimi mwenyewe alinimwagia chai."

Watu wote wakashusha pumzi. Mwanamke mmoja akapiga makofi. "Bambi, maskini," alisema mwingine. Hata Huguette alibadilika uso papo hapo, akamshika Rosalba bega. "Mama Ojera, kumbe utakuwa tate, bibi ya mtoto, na umetuficha. Hongera."

Rosalba alikuwa akimtazama Shifa tumboni. Mwanamke yule mgumu, ambaye hakuwahi kumwuliza mkewe Ojera swali hilo hata siku moja, alikuwa na tumaini usoni, waziwazi, na Shifa aliliona. Alihitaji tu kuinamisha macho. Kuinamisha macho, na wote wangerudi nyumbani wakiwa na furaha.

"Vizuri sana," alisema Dawudi. "Mungu amebaliki. Basi, Mama Ojera, chuma ringine."

Rosalba akainama tena.

"Sina mimba," Shifa alisema. "Acha, Mama, usichume. Sina mimba. Nimepiga dawa tuta hili. Ni Jumapili, Mama alipokuwa msibani. Nilikwenda kwa baba yangu nikamdanganya kwamba Mama anajua. Mama hakujua. Baba hakujua. Ni mimi. Msimwache ale."

Huguette aliondoa mkono wake begani kwa Rosalba. Sasa hakuwa akitania, na bila utani sauti yake ilikuwa ndogo. "Mimi napikia watu," alisema. "Jana nilinunua sukuma hapa. Watoto wa watu walikula kwangu."

"Ile ilikuwa ya juu, dada. Niliichuma mwenyewe, kule kwa sungura. Tuta hili nililipiga peke yake, kwa nyasi, sikutumia hata bomba."

"Na mimi nitakuamini namna gani?"

Wanachama wakasogea kando, wakazungumza kwa Kiganda kwa muda, sauti zikipanda na kushuka. Huguette alitaka atolewe kabisa; alisema kungoja mpaka jani lifike mdomoni si kusema, ni kuogopa. Dawudi alisema kanuni ni kanuni. Ojera alikuwa amekaa juu ya jiwe, kofia ya sare mapajani, na hakuna aliyemwuliza maoni yake.

"Mama Ojera," Dawudi alisema alipokuja, na hakumtazama usoni. "Amesema kabla jani halijaingia. Ni msimu mmoja. Tuta ring'olewe leo. Kile kibao cha kikundi tutaenda nacho, nyabo. Utatusamehe."

Kibao kilikuwa kimepigiliwa langoni. Wanaume wawili walijaribu kukitoa kwa mikono, kikagoma. Rosalba alikwenda ndani, akaleta koleo, akawapa. Akasimama hapo wakivuta misumari mmoja baada ya mwingine, na walipomaliza akawaaga kwa majina yao wote, pamoja na Huguette.

* * *

Mchana walikuwa wawili bustanini, Rosalba na Shifa, wanang'oa tuta la chini. Ojera alisema ana usingizi, na Rosalba alimwambia alale, kwa sauti ambayo mtoto yeyote mwenye akili angeisikia akabaki macho. Walifunga vitambaa mikononi. Waling'oa mche, wakakung'uta udongo, wakautupa katika gunia. Shifa alingoja aambiwe aondoke. Alikuwa ameshaipanga safari kichwani: gauni gani atavaa, maneno gani atamwambia baba yake kaunta ikiwa katikati yao.

Neno lenyewe halikuja. Mwishowe akalianza mwenyewe.

"Bwaise nitakwenda mimi, Mama. Msimu wote nitakaa na gunia mimi. Wewe usiende."

"Wewe hapana jua Bwaise."

"Nitaijua."

Rosalba alitupa mche. "Pale unakaa na mguu ndani ya maji."

"Nitakaa." Shifa akajifuta uso kwa sehemu ya juu ya mkono, pasipofungwa kitambaa. "Nisamehe, Mama. Ningekuua. Ungelila jani lile kwa sababu uliniamini, na mimi nilikuwa nimesimama pale nakutazama."

"Mimi nilijua."

Shifa alidhani hakusikia vizuri.

"Jana asubuhi nilikuja hapa," Rosalba alisema, bado ameinama. "Viwavi wamekufa, sawa. Lakini buibui pia. Wale wadogo, kila moja imekufa kwa uzi yake. Pilipili yangu hapana ua buibui."

"Ulijua jana?"

"Nilijua."

"Na leo ukachuma jani?"

"Nilichuma."

"Kwa nini?"

Rosalba alinyooka, akashika kiuno, akatazama kule juu langoni ambako misumari ilikuwa imeacha matundu.

"Tangu umekuja, watu nauliza mimi, huyu umemweka nyumbani ni nani. Miezi yote hii. Mimi hapana jua jibu. Nacheka tu." Akamgeukia. "Leo nilitaka kuona kama utaniacha nikule."

Damu ilimpanda Shifa kichwani. Aibu yote ya asubuhi iligeuka hasira, hasira safi ambayo hakuwahi kuionyesha katika nyumba ile.

"Na kama ningenyamaza?"

"Ningekula."

"Ungekula sumu."

"Ningekula. Lakini ningejua."

"Hilo si jambo la kumfanyia mtu, Mama."

Ilikuwa mara ya kwanza kumjibu. Rosalba alimtazama kwa makini, kama alivyozoea kutazama mche uliokaa wiki nzima bila kuonyesha nia.

"Ndiyo," alisema. "Si jambo ya kufanyia mtu. Na wewe pia, yako si jambo ya kufanyia mtu."

Waliendelea kung'oa. Mvua ya jioni ilikuwa inajikusanya upande wa Nateete, lakini Rosalba hakwenda kusimama mlangoni. Palikuwa na nusu tuta bado. Walipofika mwisho Rosalba alifunga mdomo wa gunia, akavuta kamba kwa meno.

"Sasa wakiniuliza nitajibu," alisema.

"Utawajibu nini?" Shifa aliuliza. Hasira ilikuwa bado haijamwisha.

"Nitasema huyu ni mtoto yangu. Alinipiga mkono mbele ya watu."

Shifa alikaa chini palepale, juu ya udongo uliobaki wazi, akalia kwa sauti, na Rosalba akamwacha alie, akabeba gunia peke yake.